Renske na Muuza Karanga

Msimamizi wa soko la Vismarkt, hapa mjini Groningen, ama alikuwa na utani wa kupitiliza ama hakusoma alichokuwa akisaini. Jumamosi ile, soko limefurika watu na baiskeli, aliiweka meza ya Renske ubavuni kabisa mwa kibanda cha Jorrit. Renske, koti la njano la mvua na nywele fupi nyekundu, alikuja kuwafundisha watu kuhusu mzio wa karanga. Jorrit alikuwa anauza karanga.

"Dada, samahani," alimwita, aproni ya bluu imemkaa vizuri kifuani. "Bango lako linasema karanga zinaweza kuua. Wateja wangu wanasoma, wanaondoka."

"Waache wasome. Kusoma ni bure."

"Na mimi nile nini?"

"Uza jibini, kaka."

Jorrit alicheka, akamnyooshea kiganja chenye karanga za moto. "Onja moja tu. Utalichana bango mwenyewe."

"Nikionja, itabidi uniitie gari la wagonjwa. Mzio ninaoufundisha ninao mwenyewe."

Jorrit aliurudisha mkono haraka. Akaenda kwenye bomba la wauza samaki, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akavua aproni, akarudi. "Haya, mwalimu. Nifundishe."

Renske akampa sindano ya mazoezi, nene mfano wa kalamu, inayofanana na ile ya dawa ya kumwokoa mwenye mzio. "Unaishindilia hapa, pembeni mwa paja, hata juu ya nguo. Unashikilia. Kisha unapiga simu ya dharura."

Jorrit alijishindilia kwa nguvu zote, akakunja uso.

"Haina ncha hiyo! Mbona unataka kulia?"

"Nataka kulia kwa sababu nimeshakupenda, na kazi yangu ndiyo hii."

"Weee! Hebu muoneni huyu!"

Sisi watu wa Groningen kusema "si mbaya" tu ni sifa kubwa, kwa hiyo mwanaume kutamka neno kama hilo sokoni, mchana kweupe, ni jambo. Renske aliona haya hadi masikioni, lakini namba ya simu alitoa.

Basi zikaanza simu za kila jioni.

"Umeoga?"

"Mpaka ngozi inalalamika."

"Nguo za kazi?"

"Nimeziacha chini, kwenye baiskeli."

"Mswaki?"

"Mpenzi, meno yenyewe yamebaki nusu!"

"Basi njoo, nimekumiss."

Mapenzi yakakolea. Ikafika siku ya kuzaliwa ya mama yake Jorrit, na Mama Jorrit, masikini, alijitahidi. Alifua mapazia, akasugua meza, na kila bakuli la karanga akalitoa sebuleni. Ila hakuzitupa, maana kwetu kutupa chakula ni dhambi. Alizificha kwenye kopo, kibandani nyuma ya nyumba. Na wajomba wa Jorrit, ambao hawajui sherehe isiyo na karanga, wakawa wanatoka mmoja mmoja "kuangalia baiskeli mpya."

Renske alipoingia, gauni la kijani na viatu vya kisigino, viti vilikuwa vimepangwa duara kama ada. Akazunguka, akimpongeza kila mtu, maana kwetu siku ya kuzaliwa hupongezwa ukoo mzima, na kila mtu akimbusu mashavuni mara tatu. Mjomba Harm alibusu kwa sauti, mdomo wake bado una chumvi.

Kabla keki haijakatwa, mashavu ya Renske yaliota mabaka mekundu. Koo likambana.

"Jorrit, sindano! Ipo mkobani!"

Jorrit aliitoa. Akaishika. Akaganda hapo hapo, macho yamemtoka, na mkono hausogei. Renske akamnyang'anya, akajidunga mwenyewe mbele ya wajomba wote, gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini hali ikatulia siku hiyo hiyo. Kisha simu ya Jorrit ikanyamaza. Renske alivumilia, akashindwa, akapiga.

"Umenikimbia?"

"Nina kazi nyingi tu."

"Unauza karanga, Jorrit, si kwamba unaongoza nchi! Wenzako walioniacha kwa sababu hii angalau walisema."

Sauti ya Jorrit ikatoka imepasuka. "Ningekuua, Renske. Nilikuwa na dawa mkononi nikaganda. Bora ukae mbali na mimi."

"Umeamua peke yako? Mimi sikuulizwa?" Akakata simu, akalia hadi mto ukalowa.

Lakini Renske si mtu wa kulia siku nzima. Hospitali ya hapa ilikuwa na utafiti wa watu wazima wenye mzio. Unaletewa vipande vya keki siku mbili tofauti. Siku moja vina karanga iliyofichwa, kidogo kidogo ikiongezwa, na siku nyingine havina kitu. Mgonjwa hajui ni ipi, na nesi naye hajui. Mwisho unajulikana mwili wako unastahimili kiasi gani. Renske alijiandikisha, akamtumia Jorrit ujumbe: "Jumanne naenda kula karanga kwa hiari yangu. Njoo ukae na mimi. Usipokuja, usinitafute tena."

Jorrit alikuja, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, uso mweupe.

Kipande cha kwanza, salama. Cha pili kilipoletwa, Jorrit akavuta pua. Jasho likamtoka.

"Umenusa nini?" Renske akanong'ona.

"Sijanusa kitu."

"Jorrit!"

"Kula tu, mpenzi. Au... au acha."

Renske akaanza kujikuna shingo. Nesi Aleida, mwanamke mnene asiyecheka ovyo, akampima shinikizo la damu, akamulika ngozi, hakuona kitu. Akageuka. "Bwana, toka nje. Uso wako unaniharibia utafiti."

Siku ya pili Jorrit hakuruhusiwa kuingia. Alikaa koridoni akitafuna kucha, hadi Nesi Aleida alipofungua mlango. "Njoo. Siku ya karanga ni leo. Nimeshamdunga, yuko salama. Nataka umuone, ujue inavyokuwa."

Midomo ya Renske ilikuwa imevimba, macho yanachuruzika. "Nimekuwa mbaya?"

"Sana," Jorrit akasema, akaketi kitandani, akamshika mkono. Hakuganda. Walisubiri pamoja, uvimbe ukishuka taratibu, hadi daktari akaja na majibu: Renske anastahimili karibu nusu ya punje ya karanga kabla mwili haujaanza vita.

"Yale mabusu yalichoma ngozi tu," daktari akasema. "Koo, nadhani ilikuwa hofu. Lakini hukukosea kujidunga. Ukiwa na shaka, dunga. Na sindano iwe mkobani daima."

"Na siku ya kwanza?" Jorrit akauliza. "Nilinusa kabisa!"

"Ilikuwa keki tupu."

Renske alicheka kwa ile midomo yake minene. "Kwa hiyo nilijikuna kwa ajili ya uso wako!"

Jorrit hakucheka. "Nafunga kibanda. Nimeamua."

"Umeamua peke yako tena? Sitaki. Uza karanga zako, uoge, uje nyumbani." Akamvuta kola. "Mimi sina shida na wewe kuogopa. Hata mimi naogopa, kila siku. Shida yangu ni kwamba uliondoka nayo hofu yako, ukaniacha na yangu. Ukitaka kuogopa, ogopea hapa, pembeni yangu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka tuzeeke."

Jorrit alimkodolea macho. "Renske... unaniposa?"

"Jibu kwanza!"

"Ndiyo. Ndiyo, jamani!"

Alimuuliza Nesi Aleida kama anaruhusiwa kumbusu. Nesi akasema inategemea alikula nini asubuhi. Mkate na jibini, Jorrit akaapa. Akainama, akambusu mkewe mtarajiwa kwenye ile midomo iliyovimba, akitetemeka mwili mzima, na hakuondoka.