Mluzi wa Waisiko

Babu yangu Nyangwine alikuwa mtu wa maji kwenye mgodi wa wazungu, hapa hapa Serengeti, enzi zile watu wanakimbilia dhahabu, kabla ya vita ya Hitler. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Sipendi kukatizwa.

Kazi yake ilikuwa kusafisha maji ya boila, lile lililoendesha mtambo wa kusaga mawe. Maji ya huku yana chumvichumvi. Ukiyatia yalivyo, boila linashika ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, mabomba yanaziba, na siku moja linapasuka na kuua watu. Basi babu aliyatia chokaa na magadi, akayaacha yatulie, kisha akayachuja kwa mchanga na mkaa. Matangi yalikuwa mbali na kambi. Alishinda huko peke yake, bila hata mtu wa kumwomba kiberiti.

Zamani walikuwa wawili, yeye na mdogo wake Waisiko. Waisiko akatoweka. Kambini walisema ameiba dhahabu, kavuka mpaka, yuko Kenya anakula raha. Mama yao hakuamini, ila hakulia. Utamliliaje mtu ambaye hujui kama amekufa? Kila babu alipofika nyumbani Ringwani, swali la mama lilikuwa lile lile.

“Mura, mwanangu, umemwona mwenzako?”

Babu alichoka kusema hapana. Akapunguza kwenda nyumbani.

Kikaja kiangazi kibaya, mto ukakauka. Bwana mkubwa akaamuru maji yavutwe kutoka shimo la zamani la mgodi, lililoachwa mpaka likajaa maji. Babu akayasafisha kama kawaida. Yakatoka maangavu, hayana hata harufu. Boila likawashwa.

Mchana, jua la utosi, honi ya mvuke ikalia. Haikulia kama honi. Ilipiga mluzi. Mrefu, halafu mfupi, halafu ukashuka. Babu akaangusha ndoo. Waisiko alikuwa akiita ng'ombe hivyo hivyo tangu utoto.

Alikimbia mpaka kwa Simon, mchochea moto. “Nani kapiga?” akanong'ona.

“Sijaigusa, kaka. Haki ya Mungu, sijaigusa.”

Jua halijazama, ng'ombe wakaja. Ng'ombe wa nyumbani, kutoka Ringwani, bila mchungaji. Wakalizunguka boila. Hawakulia. Fahali mweusi wa Waisiko akaweka pua kwenye chuma cha moto. Akaiacha hapo. Ngozi ikaungua. Hakutikisika.

Simon akazima moto. Kesho yake shimo lilikaushwa. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Ilikuwepo fimbo ya Waisiko tu, imesimama wima kwenye tope.

Mama yao akafika kwa miguu, akifuata kwato za ng'ombe wake. Aliiangalia ile fimbo, akauliza jambo moja.

“Maji yakishachemka yakaisha, kinabaki nini?”

Babu akaingia ndani ya boila, akaugonga ukoko. Ulikuwa wa siku moja tu, lakini ulijaa gunia. Mama akatia mkono humo, akauacha muda mrefu. Kisha akalia. Jamani, alilia! Siku hiyo hiyo akanyolewa nywele za msiba, na gunia likazikwa nyumbani kama mtu. Babu hakurudi mgodini. Mpaka anakufa alikuwa akisema, “Nilimsafisha mdogo wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikampeleka motoni.”

Kaburi liko uani kwangu. Asubuhi za baridi ng'ombe wanalala kulizunguka, kwa sababu udongo wake una joto. Njoo uushike. Usiniulize kwa nini.

Tangu mke wangu afariki, niko peke yangu hapa. Leo nimeinjika birika. Maji hayajapata hata moto, ng'ombe wote wakasimama, wakageuza vichwa jikoni. Niliogopa, nikaliepua haraka. Nikakaa. Nyumba nzima kimya, hakuna hata wa kukohoa, wala wa kupiga mluzi.

Nikalirudisha motoni.