Mswala Ulioacha Kibla

Siku ya Cherehani ilianza kwa mafuta. Kabla jua halijachomoza alikuwa tayari kwenye chumba cha tanuri, kitambaa mkononi, anapaka mafuta vibati vya mikate kimoja baada ya kingine. Ukisahau kona moja tu, mkate hung'ang'ania ukatoka umechanika, na mkate uliochanika hakuna mwenye duka anayeutaka. Baba yake, mwoka mikate, alikuwa ameinama kwenye meza ndefu akikata madonge ya unga ulioumuka na kuyatumbukiza kwenye vibati.

Cherehani halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mdogo wake, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki kutwa kucha. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na cherehani hiyo ilikuwa imenyamaza. Wateja waliokuja asubuhi walisita kwanza kabla ya kumwita hivyo.

Adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa, baba alisema, "Nenda kaswali, mwanangu."

Cherehani alikwenda kwenye bomba la uani. Akalowesha uso, mikono mpaka kwenye viwiko, na miguu. Hakujifuta, aliacha maji yatiririke ili yaonekane. Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akatandika mswala, akaketi juu yake akiwa amekumbatia magoti. Hakusimama wala kusoma kitu. Alikaa muda ambao mtu angeswali rakaa mbili bila haraka, kisha akaukunja mswala na kutoka.

Mama yake alikuwa mlangoni na ufagio. Alimwona na uso wake ulioloa.

"Mungu akukubalie, mwanangu."

"Amina, mama."

Amina hiyo ilikuwa ya uongo, lakini aliitoa. Alikuwa akiitoa hivyo kwa wiki sita.

Nyumba hii haikuwa hivi. Mwaka mmoja nyuma kazi ilikuwa imekubali. Baba alikuwa amenunua mashine ya kukandia unga, shule mbili na maduka ya mtaa mzima yalichukua mikate kwake, na harufu ya mikate ya moto iliwafanya wapita njia wageuze shingo. Mdogo wake Cherehani, mtoto wa miaka sita, alikuwa na kiti chake juu ya gunia la unga. Kutoka hapo aliwaamrisha watu wote, ndiyo maana wakamwita Bosi.

"Baba, mkate ule umenuna, utoe," angesema. "Na wewe Cherehani, punguza maneno, unga hausikii."

Watu wangecheka mpaka wakashika mbavu.

Tuseme kweli: katika siku zile nzuri, Mungu alikumbukwa kama jamaa anayeishi mbali, ambaye salamu zake zinangoja mtu apate nafasi. Baba aliswali huku sikio moja liko kwenye tanuri. Alfajiri yake mara nyingi aliiswali jua likiwa limeshatoka, kwa sababu unga ukiumuka haungoji mtu. Mama alikuwa na visingizio vyake. Cherehani aliswali alipotazamwa. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana mikate ilikuwa ikinunuliwa.

Kisha Bosi akaanza kuchoka. Kupanda gunia kukawa kazi ya kumfanya atwete. Midomo ikawa inabadilika rangi. Akapelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena. Ghafla nyumba nzima ikajua njia ya msikiti. Baba hakukosa swala ya jamaa hata moja, mama akawa hauachi mswala, na mchana mmoja Cherehani, akiwa peke yake kando ya kitanda cha mdogo wake, akaweka ahadi na Mungu. Hataswali alfajiri nje ya wakati wake hata siku moja, na Mungu amponye Bosi. Hakumwambia mtu.

Aliishika ahadi ile kwa meno. Bosi naye akapata nafuu. Akala nusu mkate, akaomba apelekwe kwenye gunia lake, akamwambia baba kwamba tanuri limezubaa. Cherehani akawa na hakika kwamba Mungu amekubali.

Basi ikaja siku moja ya kuchota maji, kufua mashuka na kumpepea mgonjwa mpaka mikono ikafa ganzi. Alfajiri yake usingizi ukambeba mzima mzima. Alipoamka, jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Akaruka, akatawadha, akaswali huku analia.

Siku ya pili yake, adhuhuri, Bosi aliomba maji ya kunywa. Mama alipofika na kikombe hakukuwa na wa kuyanywa.

Wakaja watu, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika kabla ya magharibi. Kila mtu alisema ni kudra ya Mungu. Cherehani alijua ni yeye. Tena kulikuwa na wazo jingine lililomla ndani kwa ndani: kama Mungu anachukua mtoto kwa sababu ya usingizi wa mara moja, yeye hana la kuzungumza naye. Tangu jioni ile hakuswali. Ila kumwambia mama hakuweza, maana mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Ndipo akaanza kulowesha uso.

Mchana huo alikuwa akitoka madrasa na rafiki yake, binti wa fundi viatu.

"Ustadhi amekutaja leo kwa wavulana," alisema rafiki yake.

"Kasema nini?"

"Kasema wakitaka kuona subira wakutazame wewe. Umefiwa na hujaacha swala hata moja."

Cherehani aligeuza uso. "Mwambie aache kunitaja."

"Nimwambie mimi? Unataka anifukuze darasani wiki nzima?" Binti wa fundi viatu alicheka, halafu akamwangalia vizuri na kuacha. "Kwani kusifiwa kunauma?"

"Kunauma," alisema Cherehani, akaongeza mwendo mpaka mwenzake akabaki nyuma.

Alipofika nyumbani ilikuwa alasiri. Baba alikuwa ameshakanda unga wa mikate ya jioni, na mama alikuwa anaanua nguo uani. Cherehani akalowesha uso kama kawaida, akaingia chumbani. Kichwa kilikuwa kizito kwa maneno ya ustadhi, na kwa mara ya kwanza alisahau kufunga mlango kwa komeo.

Kitanda cha Bosi kilikuwa kimetolewa siku ya tatu baada ya mazishi. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya kitanda, na ukutani palibaki doa mahali alipokuwa akiegemeza kichwa. Bila kupanga, Cherehani alikuwa amezoea kutandika mswala kuelekea doa lile. Kama mtu haswali, upande una kazi gani? Aliketi akalitazama.

Mlango ukasukumwa. Mama aliingia na nguo zilizokunjwa, akasimama. Akautazama mswala, akatazama dirisha la upande wa kibla, akautazama tena mswala.

"Mwanangu, huko ndiko kibla?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema amepitiwa, na mama angeamini. Lakini alikuwa amechoka, na sifa za ustadhi zilikuwa bado zinamchoma.

"Sikuwa naswali, mama."

"Umeshamaliza?"

"Siswali kabisa. Nalowesha uso tu ili uone."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika."

Mama aliweka nguo sakafuni, zile nguo safi, kisha naye akakaa sakafuni. Hakumchapa. Ingekuwa nafuu kama angemchapa.

"Unajua kwa nini mimi bado naswali?" mama aliuliza.

"Kwa sababu ni faradhi."

"Ni faradhi, ndiyo. Lakini wiki ile ya kwanza sikuweza kuinuka. Nilijiambia basi, nimeomba mpaka sauti imekauka, sina tena cha kusema. Kisha nikakuona wewe unatoka bombani na maji usoni. Nikaona haya. Nikasema, mtoto wangu anaweza, mimi nimeshindwa? Nikainuka. Kila siku nimeinuka kwa kukutazama wewe."

Hakuna fimbo ambayo ingemuuma Cherehani kuliko maneno hayo. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na yale aliyoyafungia moyoni yakatoka yenyewe.

"Mimi ndiye niliyemuua, mama."

Akasimulia yote: ahadi ya kando ya kitanda, kuchota maji, kupepea, jua dirishani. Alisimulia kwa kukatakata, akirudia mambo, na hakumwona baba yake aliyekuwa amefika mlangoni, unga umemjaa mpaka viwikoni. Alikuwa amekuja kuuliza vibati. Hakuuliza.

Mama alimvuta kichwa akakilaza kwenye mapaja yake. "Sikiliza. Mdogo wako aliumbwa na tundu kwenye moyo. Daktari alituambia siku ya kwanza kabisa tulipompeleka. Alisema lilikwishakuwa kubwa, hakuna la kufanya, na huenda asimalize mwaka. Wakati huo ulikuwa hujaweka ahadi yoyote."

Cherehani aliinuka. "Mlijua?"

"Tulijua."

"Mlijua, mkaniacha niombe peke yangu?"

"Tulitaka ucheze naye bila kumlilia," alisema mama. "Na sisi tulikuwa tunaomba, mwanangu. Tulijua na bado tuliomba."

Cherehani aliwakasirikia wote wawili, na hasira hiyo ilimkaa usoni. Baba aliiona. Aliketi kwenye kizingiti akawa anajibandua unga vidoleni.

"Tulikosea kukuficha," alisema. "Tusamehe. Na ile alfajiri uliyolala haina kesi. Mtu aliyelala hana dhambi mpaka aamke. Wewe uliamka ukaswali?"

"Niliswali."

"Basi ulifanya ulichotakiwa."

"Sasa kama Bosi angekufa tu, tunaswali kwa nini?" Sauti yake ilikuwa kali, sauti ambayo mtoto hamtolei baba yake. Baba hakumkemea.

Huko chumba cha tanuri unga ulikuwa unaendelea kuumuka, na wote watatu walijua.

"Sijui yote," alisema baba. "Nitakwambia ninachokijua. Mimi nimemfanya Mungu mteja. Mikate ilipokuwa inanunuliwa, niliswali kama kuku anadonoa mtama. Unga ukigandia kwenye kucha sikuhangaika kuutoa, nikatawadha juu yake, na maji hayakufika. Mtoto alipougua nikamkimbilia Mungu mbio, nikampelekea swala kama ninavyopeleka mikate dukani, nikingoja malipo. Na wewe ukajifunza kwangu. Ahadi ile ulipewa na mwenendo wangu."

Akafuta macho kwa mkono, unga ukabaki shavuni.

"Siku ya mazishi mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi. Nikamweka, na nilipomwachia nikaona hakuna mwingine wa kumkabidhi isipokuwa Yule aliyetupa. Sasa, nimemwamini na mtoto wangu, kisha nimsuse? Nitakuwa nimemwacha mwanangu kwa nani?"

Mama alianza kulia, polepole, bila kujificha.

"Raha si wakati wa kumsahau Mungu, na shida si wakati wa kumnunia," baba aliendelea. "Mlango wake ni ule ule, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Ukiumia, mwambie umeumia. Ukikasirika, lia mbele yake. Usitoke tu. Na usiseme uongo juu ya swala, maana uongo ule umekutenga na Mungu, ukakutenga na sisi pia. Umebeba mzigo huu wiki sita peke yako wakati nyumba ina watu."

"Na ustadhi?" aliuliza Cherehani. "Ananisifu kwa wenzangu."

"Kesho utamweleza mwenyewe," alisema mama. "Nitakusindikiza, lakini utasema wewe."

"Na swala nilizoacha?"

"Utazilipa kidogo kidogo," alisema baba. "Tutalipa pamoja. Zangu za siku za neema ni nyingi kuliko zako."

Walikwenda kwenye bomba wote watatu. Baba alichukua njiti ya kiberiti akachokonoa unga kwenye kila ukucha, vidole vyote kumi, wala hakuharakisha. Kutoka chumba cha tanuri kilisikika kishindo laini: unga ulikuwa umefurika, umemwagika sakafuni.

"Wenye maduka watatuuliza," alisema mama.

"Watauliza. Kuanzia kesho tutakanda nusu saa mapema, unga usikutane na adhana."

Waliswali alasiri chumbani mle, baba mbele, mama na Cherehani nyuma yake, wakielekea dirishani. Cherehani hakujisikia mwepesi kama alivyotarajia. Bosi alikuwa bado hayupo, na katikati ya rakaa ya tatu alimkumbuka, lakini aliendelea kusimama. Walipotoa salamu, baba aliinua mikono kuomba dua, na mama naye. Cherehani alitazama viganja vyake vilivyo vitupu kwa muda mrefu kabla ya kuviinua. Safari hii hakuahidi kitu wala hakudai kitu.

"Mungu wangu, inaniuma sana," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini niko hapa."