Kiti cha Mpiga Kinanda

Kinanda kililia kabla ya mtu yeyote kukigusa.

Detlev Harms alikuwa amesimama peke yake kwenye roshani ya kanisa la Barthagen, kofia mkononi, akiwangoja wazee wa kanisa waje wamsikilize, wampe kazi au wamnyime. Mzee Ohlsen, mpiga kinanda wa siku zote, alikuwa amefariki wakati wa mavuno, na kiti chake kilikuwa wazi. Detlev alikitaka kiti kile kuliko chakula. Tangu amalize kusoma alikuwa akiwafundisha watoto wa matajiri wasiotaka kufundishwa, analishwa jikoni pamoja na wapishi, anaitwa "wewe wa muziki." Lakini mpiga kinanda wa kanisa kubwa kama lile alikuwa mtu, tena mtu na heshima zake. Akishaketi, haondoki mpaka afe.

Basi zikalia sauti tatu zilizoshikana, kutoka kwenye mabomba ya juu, halafu zikanyamaza kabla ya kufika zilikokuwa zikienda. Zikamwacha ananing'inia nazo. Loo! Mwanamuziki ukimfanyia hivyo umemtesa, bora umbane mtu chafya. Utotoni Detlev alichapwa sana kwa kuacha wimbo ukining'inia hewani namna ile, na sasa mikono yake haikuomba ruhusa. Akaketi, akaitika. Alipiga sauti ya mwisho, ile iliyokuwa inangojewa, ikajaa kanisa zima.

Puani ikamwingia harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na ya sufu iliyolowa. Mshumaa haukuwepo.

Sasa, kinanda cha mabomba hakilii bila upepo, na upepo haupatikani mpaka mtu apande kwenye mivukuto huko nyuma aikanyage kwa miguu. Detlev akageuka amshukuru mkanyagaji. Mkanyagaji mwenyewe, Klaas, ndiyo kwanza alikuwa anapanda ngazi, mkate umejaa shavuni.

"Nisamehe bwana, nilikuwa namalizia mkate. Umengoja sana?"

"Nani alikuwa anakanyaga?"

"Anakanyaga nini?" Klaas akaacha kutafuna. Akamtazama Detlev, akakitazama kinanda, akateremsha sauti. "Tusianze, bwana. Wazee wanakuja. Tafadhali, tusianze."

Wazee wakaja, wakasikiliza, wakampenda. Mkubwa wao, Lorenz Pagel, mfanyabiashara wa nafaka mwenye tumbo la kutangulia mlangoni, akamwekea mkono begani.

"Kiti ni chako. Ila kina mke wake. Anayemrithi Ohlsen anamwoa binti wa Ohlsen. Ohlsen naye alimwoa binti wa aliyemtangulia. Hapa ndivyo tunavyofanya, kijana. Hatuwezi kulisha yatima wa kila mpiga kinanda."

Alimkuta binti mwenyewe jikoni, katika nyumba iliyojengwa ubavuni mwa kanisa, anakoroga supu ya kabichi. Gesche Ohlsen hakuinua uso.

"Wa nne," alisema. "Watatu wamekimbia. Mjini wanasema wameikimbia sura yangu."

"Mimi sioni kasoro."

"Basi kweli huna kazi."

Detlev akacheka, na pale pale akampenda. Gesche ndipo akamtazama, akaacha kukoroga.

"Ulipokuwa juu peke yako, kuna kitu kilikuita?"

"Kuniita? Aah, kinanda kililia kidogo. Kikaniachia sauti zinaning'inia, nikazimalizia tu."

"Uliitika?"

"Nilizimalizia."

Gesche akaweka mwiko chini polepole. "Wale watatu hawakuitika," akasema. "Ndiyo maana waliweza kukimbia."

Harusi ikafanyika, na nyota ya Detlev ikang'aa. Watu walitembea kutoka vijijini kuja kumsikia. Wapiga vinanda wa miji mikubwa walikuja wakakaa kimya nyuma ya nguzo, wakaondoka bila kuaga kwa wivu. Wanafunzi wakajaa sebuleni. Yeye peke yake alijua kwamba kilichokuwa kikitoka mikononi mwake hakukisoma popote. Mwanzoni aliona ni baraka, na baraka nani huikataa?

Kisha akataka kumtungia mke wake wimbo mdogo, wake mwenyewe. Kila alipouanza, vidole viligeuza njia vikaenda kwenye wimbo mwingine, mzito, wa zamani. Siku moja alikuwa anamfundisha binti wa mwuza samaki, mara kinywani mwake ikatoka sauti kavu ya kizee: "Kidole gumba, ng'ombe wewe!" Mtoto akaangua kilio. Mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni akifuma soksi, akawa mweupe kama maziwa. Yeye alikuwa amefundishwa na Ohlsen.

"Twende," mama akamwambia mwanawe. "Kofia acha. Twende!"

Jioni ile Gesche alipomwekea supu, Detlev alisema, "Asante, Kifaranga."

Bakuli likaanguka.

"Hilo jina umelitoa wapi?"

"Jina gani?"

"Baba peke yake ndiye aliyekuwa akiniita hivyo."

Tangu siku ile Gesche alilala chumba kingine, na mlango akauwekea kigoda.

"Lakini si baba," alimnong'oneza asubuhi, wakati Detlev alipokuwa Detlev. "Usidhani ni baba. Mama alinisimulia kabla hajafa. Aliolewa na kijana mcheshi aliyekuwa akipiga mluzi barabarani. Kijana yule akaitika huko juu, na mama akaishi na mtu mwingine mpaka mwisho. Baba alipandwa, Detlev. Alikuwa kiti tu cha huyo jini. Sasa kiti ni wewe."

"Basi najiuzulu. Leo hii."

Akaenda kwa Pagel. Akafungua kinywa aseme naondoka, na kinywa kikashukuru kwa kuni za baridi, kikaomba kanisa liongezewe mabomba. Jumapili akakusudia kupiga vibaya, apige hovyo mpaka wamfukuze, na mikono ikapiga vizuri kuliko siku zote, yeye anailazimisha ikosee, jasho linamtiririka, huku waumini wanalia kwa raha.

Ndipo wakaamua kutoroka, mchana kweupe, siku ya soko, wamekaa nyuma ya mkokoteni wa mwuza vitunguu kama watu wanaokwenda kumwamkia shangazi. Lakini mkokoteni ulipolikaribia lango la mji miguu ya Detlev ikaanza kutembea juu ya mbao, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama iko kwenye vibao vya chini vya kinanda, kwanza polepole na baadaye haraka, akayashika magoti kwa mikono yote miwili na mikono nayo ikaanza kucheza juu ya magoti, akamtazama mke wake kwa macho ya mtu anayezama, na kabla Gesche hajamkamata koti alikuwa ameruka chini, anakimbia kurudi kanisani katikati ya vikapu na mabata, huku watu wakicheka na kusema, mwoneni mwalimu, amesahau kitu.

Majira ya baridi yakaja, na huko pwani ya kaskazini jua la wakati ule huchungulia tu likarudi kulala. Mchana haujapita vizuri, giza limeshakaa. Ndani ya giza hilo walianza kusikia ukuta ukipumua. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa ile mivukuto, na Klaas alikuwa kwake amelewa bia, lakini mivukuto ilivuta, ikashusha, ikavuta, na harufu ya mshumaa uliozimwa ikapenya kwenye nyufa mpaka kwenye mkate. Gesche alikuwa na mimba. Detlev akikaa karibu naye, mtoto alirusha mateke kwa kufuata mapigo yale yale ya ukuta, hakosei, na Gesche akashika tumbo akauma shali yake asipige kelele.

"Akizaliwa msichana," alisema, "watamwoza na huyu. Watamwambia na yeye kwamba kiti kina mke wake. Sikubali, Detlev. Kufa nitakufa, hilo sikubali."

Alikwenda kwa mchungaji, na mchungaji akamwambia wajawazito huota mengi. Basi akaifanya kazi mwenyewe. Saa ya giza la mchana alimkalisha mume wake jikoni, akamfunga mikono kwa kamba ya aproni, akampigia magoti.

"Wewe uliyemo humu. Wewe ni nani?"

Kinywa cha Detlev kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, yenye upepo mwingi kuliko maneno.

"Mimi ni upepo walioufungia. Walinijengea nyumba ya mabomba, wakaninyima mikono."

"Unataka nini utoke?"

"Sitoki. Namkalia aliyeitika, maadamu wazee hawamtoi kitini."

"Na aliyeketi bila ruhusa ya wazee? Wakimkamata wakamtupa nje, wewe unakwenda wapi?"

Upande wa pili wa ukuta mivukuto ikakatika pumzi, na mabomba yote yakatoa mlio mdogo mkali, mlio wa mbwa aliyekanyagwa. Gesche akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu vuli.

Detlev aliporudi kwenye fahamu zake, mke wake alimweleza, mdomo sikioni, maana kuta zilikuwa zinasikiliza. Baba yake alimfundisha kinanda kidogo cha nyumbani, mlango umefungwa, kwa sababu alishindwa kuvumilia kuona vidole vya bintiye vikimenya viazi tu. Lakini mwanamke kukaa kwenye kiti cha kanisani ilikuwa mwiko. Wazee wangemkokota chini siku hiyo hiyo, wangefunga roshani, wangewafukuza wote wawili mjini.

"Jumapili nitakufunga mikono kule juu. Jini likiita, mimi ndiye nitakayeitika kwanza. Litanipanda. Nitakuwa nalo kwa muda wa wimbo mmoja tu. Wewe utakuwa mzima. Wakija kusifu, utawaambia aliyepiga ni nani. Basi. Watanivuta nje, na lenyewe litatupwa nje nami, lisiwe na nyumba wala mikono."

"Na tusipokuwa na kazi? Na nyumba?"

"Utafundisha watoto."

"Nitarudi kula jikoni."

"Nami nitakula nawe," alisema Gesche. "Wasipojua ni mimi, Detlev, hawatanifukuza. Na wasiponifukuza litabaki ndani yangu, mimi na huyu wa tumboni. Sema tu 'mke wangu.' Maneno mawili."

"Nitasema," Detlev akaapa, na machozi yalikuwa yake kabisa.

Jumapili ile kanisa lilifurika, kwa sababu mkuu wa muziki wa ikulu ya mtawala alikuwa amekuja kwa farasi kumsikia Harms anayesifiwa. Klaas akaenda kwenye mivukuto yake nyuma. Gesche akapanda kwa ngazi ya pembeni amejitanda shali, akaketi nyuma ya pazia la kiti. Detlev alisimama kando yake, mikono imefungwa. Sauti tatu zikalia, zikaning'inia. Vidole vya Detlev vikajipinda ndani ya kamba mpaka ngozi ikachubuka, na Gesche akaitika.

Kile kitu kikamtoka Detlev. Alikisikia kikitoka, kuanzia kucha, kupitia viwiko na mabega, kama mtu anayevuliwa koti lililolowa, na nyuma yake akabaki Detlev tu, mwepesi, mikono baridi na mizito, mikono ya mwalimu wa watoto. Kisha Gesche akapiga. Mungu wangu, alivyopiga! Jini lilikuwa halijawahi kupata mikono kama ile. Kanisa likawa bahari, likapanda, likashuka, watu wazima wakashikana mikono na wasiojuana, na Detlev, ambaye angeweza kwenda nyuma akamwambia Klaas acha, inatosha, alisimama palepale akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akijisikia mdogo. Aliwaza kwamba hicho ndicho watu walichokuwa wakikifuata kwake siku zote, na kwamba sasa hakimo. Aliona sahani yake mezani kwa wapishi.

Wimbo ukaisha. Akajifungua kamba kwa meno. Gesche alikuwa ametulia kwenye kiti, jasho limemlowesha shingo, macho yamemkazia.

"Haraka," alisema bila kutoa sauti, midomo tu.

Hatua zikapanda ngazi kuu. Detlev akatoka nje ya pazia, likajifunga nyuma yake, akasimama juu ya ngazi. Pagel alikuwa anahema, na nyuma yake alikuwepo mgeni wa ikulu, uso umelowa machozi wala haupangusi.

"Harms!" akasema Pagel. "Mtazame huyu bwana ulivyomfanya!"

Mgeni akamsogeza Pagel kando. Alitaka kusikia mwenyewe.

"Nimezunguka nchi nzima," alisema taratibu, "sijasikia hiki. Ni nani aliyepiga?"

Detlev akafungua kinywa. Kilikuwa kinywa chake. Hakuna aliyekishika, hakuna aliyekisukuma. Tangu siku aliyoingia mji ule, hakuwahi kuwa huru namna ile.

"Mimi," akasema.

Nyuma ya pazia alimsikia Gesche akivuta pumzi kwa nguvu, pumzi ya mtu anayetaka kupiga kelele. Kelele haikuja. Detlev akashuka kwenda kuupokea mkono wa mgeni.