Picha ya Jana

Walikutana uwanja wa ndege, kwenye foleni ya ukaguzi, pale ambapo kila mtu huvua viatu na hakuna anayependeza. Dada mmoja alivaa gauni la kijani na kukumbatia kompyuta mbili. Nyuma yake rubani mmoja alikuwa akificha soksi iliyotoboka.

"Kompyuta mbili za nini, dada?"

"Natazama barafu ndani ya vimbunga. Kwa maikrowevu."

"Ile ya kupashia kiporo?"

Dada alicheka mpaka mkaguzi akawafokea. Kumbe rubani alikuwa anakwenda kuanza kazi ofisini kwake huyo dada, kurusha ndege ya utafiti inayopita ndani ya vimbunga.

Miezi mitano baadaye mapenzi yalikuwa yamekolea, na raha ya kazi imemwisha dada. Chembe za barafu hutawanya mawimbi ya maikrowevu, hivyo palipojaa barafu picha ya setelaiti huwa nyeusi. Zamani weusi ule ulikuwa takwimu tu. Sasa laazizi wake alikuwa anapita humo.

Asubuhi moja setelaiti ilichelewa, uvumilivu ukamshinda. Akampelekea bosi picha ya jana, nyeusi tii, kana kwamba ni ya leo. Safari ikafutwa. Saa nne picha mpya ikaingia: barafu imepungua, njia nyeupe.

Simu ikalia. "Mpenzi, naambiwa umeniokoa!"

"Nimewapa picha ya jana. Nilikuogopea."

"Kila siku naruka kwa neno lako," rubani alisema polepole. "Sasa nimwamini nani?" Akakata simu.

Dada alikwenda mwenyewe kwa bosi, akaeleza yote, akapewa onyo la maandishi. Siku tatu rubani hakupokea simu zake. Chai ilipoa mezani, huku dada akipima korido kwa hatua.

Siku ya nne rubani akaingia ofisini, sare imenyooshwa, kofia mkononi.

"Wamenipa mchambuzi mwingine, nimemkataa. Picha ya leo iko wapi?"

Uongo ulimjia dada mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Kusini pamejaa barafu. Kaskazini pako wazi. Nenda."

"Una hakika?"

"Ninayo. Na naogopa."

Rubani akavaa kofia. "Saa kumi natua. Mwambie mama asitoke, nakuja kukuposa."

"Wewe! Unaposa huku unaelekea kwenye kimbunga?"

"Nilikuwa nangoja uniambie niende."

Setelaiti nyingine ilikuwa bado saa mbili nzima ipite. Dada akaketi, akasimama, akaketi tena, kisha akampigia mama yake.