Barua ya Tarehe Kumi na Tisa

Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, ofisi ya intaneti ya Njelu Net pale Songea mjini ilijaa mpaka mlango ukashindwa kufungwa. Kompyuta zilikuwa sita na watu zaidi ya sitini. Nyuma ya kaunta, ndani ya blauzi ya njano na sketi ya kitenge iliyomkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, alisimama karani Dorine Mapunda akiwajibu watu watatu kwa mpigo.

Wa nne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, suruali imenyooshwa kwa pasi hadi mkunjo wake ungekata sabuni. Jina lake Oswald Ngonyani, mtu wa Hanga. Alitaka kufunguliwa anwani ya barua pepe ili aombe nafasi ya masomo.

"Chagua neno la siri," Dorine alimwambia.

"Mapera matano," Oswald alijibu kwa sauti ya darasani.

Ofisi nzima iligeuka. Dorine aliinamia karatasi kuficha kicheko.

"Mwalimu, ndiyo maana linaitwa la siri."

"Nimekuambia wewe. Hawa wengine wamedandia."

Ilikuwa mwaka 2004, miaka ile kampuni za watu binafsi zilipochipuka kama uyoga na mwenye simu ya mkononi aliivaa kiunoni ionekane. Intaneti ilikuwa imefika Songea, lakini wengi hawakujua hata kuwasha kompyuta. Kwa hiyo Mzee Pankrasi, mwenye Njelu Net, alibuni utaratibu wake. Mteja aliacha neno lake la siri kwa karani. Kila asubuhi Dorine alifungua masanduku ya wateja, akachapa barua zilizoingia, akazitia kwenye bahasha za kaki na kuandika majina juu. Masista, wafanyabiashara wa mahindi, walimu, wote walikuja kaunta kuulizia bahasha. Dorine alijua nani anadaiwa ada na nani ameachwa na mchumba. Hakuwahi kufungua mdomo, na mji ulimheshimu kwa hilo.

Oswald alianza kuja kila jioni, hata siku ambazo hakuna aliyemwandikia.

"Leo hakuna kitu, mwalimu."

"Najua. Nimekuja kuthibitisha."

"Kesho pia hakutakuwa na kitu."

"Basi na kesho nitakuja kuthibitisha."

Kwaresima ilipofika walikuwa wakisindikizana hadi Mjimwema, alikoishi Dorine na shangazi yake Benigna. Wakati wa mchana Oswald alimbipu, simu ikalia kidogo na kukatwa. Mara moja maana yake amefika shuleni, mara mbili amekula, mara tatu amemkumbuka. Siku nyingine alibipu mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na Dorine akawa anachapa barua za watu huku anatabasamu kama aliyelishwa asali. Alimpenda yule mwalimu. Alimpenda mpaka akaanza kuogopa.

Baada ya Pasaka, Oswald alisema atamleta mjomba wake kwa Shangazi Benigna Jumapili ya tarehe ishirini na tano Aprili, kuzungumza mambo ya posa. Jumatatu kabla ya Jumapili hiyo, tarehe kumi na tisa, Dorine alifungua sanduku la Oswald akakuta barua kutoka chuo kimoja cha Arusha. Mwalimu Ngonyani amechaguliwa, masomo ni miaka miwili, athibitishe kabla ya tarehe kumi Mei.

Printa ilikuwa tayari. Dorine hakuchapa.

Alijiambia atampa wiki inayofuata. Aje kwanza na mjomba, posa ipokelewe, kisha aende Arusha akiwa ni wake. Mwanamume anayejiandaa kwa safari ya miaka miwili, mjomba wake angemwambia asubiri, na wasichana wa Arusha nao hawana macho yaliyofungwa. Siku chache tu. Mtu anayeanza kukosa hupima kosa lake kwa kijiko.

Jumapili mjomba hakufika. Malaria ilimlaza. Dorine akasogeza mbele siku zake chache.

Wiki ile ile tangazo lilibandikwa mlangoni, kwa Kiingereza. Mzee Pankrasi alikuwa ameuza Njelu Net kwa kampuni ya Dar es Salaam iitwayo Radi Online. Makabidhiano yalipangwa tarehe mosi Mei, lakini mafundi walifika Jumatano, siku tatu kabla, wakachomoa hiki wakachomeka kile. Jioni masanduku yote ya wateja yalikuwa meupe. Barua za zamani hazikuwepo tena, na ya tarehe kumi na tisa ilikwenda nazo.

Bado zilibaki siku kumi na mbili za kuthibitisha. Dorine angeweza kusema, "Oswald, umechaguliwa, thibitisha." Maneno matatu. Lakini angeulizwa alijua lini, na kila siku aliyonyamaza iliongeza uzito wa jibu. Tarehe kumi Mei ilipita akiwa amekaa kaunta akihudumia wengine.

Siku mbili baadaye Oswald alisikia kwamba mwalimu mwenzake wa Peramiho amepata nafasi katika chuo kile. Akaona kwamba yeye ameshindwa. Usiku alipiga simu kwa vocha yake mwenyewe, hakubipu.

"Dorine, mjomba amepona. Lakini nimemwambia asubiri."

"Kwa nini?"

"Nimwambie nini shangazi yako? Kwamba mwalimu ameomba chuo akakataliwa, sasa anaomba mke?"

"Mimi sikuulizi habari za chuo, Oswald."

"Najua huniulizi. Tangu mwezi uliopita huniulizi chochote. Hata kunitazama hunitazami. Kama unanionea haya, sema tu."

Dorine alifungua mdomo. Kisha, kwa aibu, akakata simu. Barua aliyoiiba kwa ajili ya posa ndiyo iliyoiua posa yenyewe. Tangu siku hiyo Oswald alipobipu Dorine hakuitikia, na Oswald, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kulielewa jambo lile, aliamini kwamba amedharauliwa.

Malalamiko ya wateja yalikuwa yamejaa mji. Mwisho wa Mei, Radi Online waliita mkutano katika ukumbi mmoja Mjimwema. Meneja mpya, Chande, alikuja na suti ya bluu na simu mbili. Dorine alikaa pembeni yake kuandika muhtasari.

Sista Hilda alisimama wa kwanza. "Wafadhili wetu wa Ujerumani wanaijua ile anwani ya zamani tu. Wakituandikia huko, barua inakwenda wapi?"

"Mimi nilinunua kadi ya saa hamsini," alisema Athanasi, mfanyabiashara wa mahindi. "Nimetumia tisa. Zile nyingine tumeuziwa pamoja na ofisi, au tumezikwa nazo?"

Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Mwingine aliuliza kwa nini tangazo limeandikwa Kiingereza, na kama huko Dar kuna mtu atakayesoma mambo yao. Chande alijibu kila swali kwa neno "mchakato". Kisha Oswald akasimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Niliomba chuo. Nauliza, je, inawezekana barua yangu ilipotea siku mlipohamisha mitambo?"

Chande alitabasamu. "Mwalimu, tuseme ukweli. Si kila asiyejibiwa amepotelewa na barua. Wengine huwa hawakuchaguliwa tu."

Safari hii ukumbi ulicheka kwa furaha. Oswald alisimama bado, akitafuta pa kuweka mikono. Dorine aliona kichwa chake kikiinama kama cha mtoto aliyeadhibiwa mbele ya wenzake, na hapo kalamu ilimtoka.

"Barua ilikuja," alisema.

Chande alimgeukia. "Dada, andika tu."

"Ilikuja tarehe kumi na tisa Aprili. Alichaguliwa. Niliisoma mimi, nikaiacha nisimpe, mpaka mafundi walipoifuta. Si kampuni ya zamani wala mpya. Ni mimi."

Mzee Pankrasi, aliyekaa safu ya mbele, alivua kofia akaitazama. Oswald alitoka nje.

Sista Hilda ndiye aliyeuliza, kwa upole uliokata zaidi ya tusi. "Na zetu, mwanangu? Umewahi kuzificha na zetu?"

"Hapana, Sista."

"Tutajuaje?"

Jumatatu Dorine alirudisha funguo za ofisi, akaacha kazi. Kwa wiki nyingi alikwenda misa ya alfajiri tu, akakaa benchi la nyuma, maana alihisi kila aliyewahi kupokea bahasha mkononi mwake anahesabu upya barua zake. Shangazi Benigna hakumgombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ulitaka kumfunga mtu asiyekuwa anakimbia," na Dorine akalia kwa sababu ilikuwa kweli.

Alimpigia Oswald mara saba. Mara ya nane akapokea.

"Sitaki kuombwa msamaha kwa simu," alisema, akakata.

Jumamosi moja ya Julai, upepo wa baridi ukipuliza vumbi uani, Oswald alibisha hodi akiwa amevaa sweta la kijivu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani."

"Nitaingia siku nyingine. Leo namwazima Dorine saa moja. Vaa, Dorine, twende mjini."

Alimpeleka palepale, ofisini, chini ya bango jipya la Radi Online. Dorine alisimama nje.

"Siwezi kuingia humu."

"Hata mimi siku ile ukumbini sikuweza kutoka. Lakini nilitoka."

Waliingia. Mazungumzo yalizimika, kisha yakarudi kwa sauti ya chini. Oswald alilipia saa nzima, akakaa mbele ya kompyuta na kumwonyesha Dorine kiti cha pembeni.

"Kaa hapo. Usiguse kitu."

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

"Nilikasirika sana," alisema bila kugeuka. "Bado nimekasirika. Lakini Chande alikuwa amekuokoa, Dorine. Ungenyamaza, mji mzima ungejua mimi ndiye niliyeshindwa. Nimejiuliza mwezi mzima kwa nini hukunyamaza."

"Walikucheka."

"Basi?"

"Sikuweza kuvumilia wakikucheka."

Oswald alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa ameandika: *Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, sikuthibitisha nafasi yangu kwa wakati kwa sababu barua yenu ilizuiliwa na*

"Nimekwama. Ilizuiliwa na nani?"

Machozi yalimlengalenga Dorine. "Na karani."

"Karani tu?"

"Karani, Oswald. Usinipambe."

Akaandika *karani*, akaweka nukta. Dorine alidhani amemaliza, lakini kidole kiliendelea, na yeye akasoma kila neno lilipojitokeza. *Karani huyo nitamwoa Desemba. Kwa hiyo naomba nianze masomo Januari.*

Dorine alijifunika uso kwa kanga. Oswald hakumharakisha, ingawa saa aliyoilipia ilikuwa inakwisha.

"Unataka mkuu wa chuo asome hayo?" hatimaye aliuliza kutoka ndani ya kanga.

"Kama ni uongo nitayafuta."

Dorine aliteremsha kanga, akaitazama ile sentensi.

"Desemba ni Majilio," alisema. "Padri hatafungisha ndoa. Andika Novemba."

Oswald aliinamia kibodi, akaitafuta kuanzia juu hadi chini. "Hapa watu wanafutaje?"

"Umesema nisiguse."

Oswald aliondoa mikono yake, akasogeza kiti nyuma ampe nafasi.

"Gusa," alisema.

Dorine alijifuta vidole kwenye kanga, akaifuta Desemba, akaandika Novemba.