Jirani Aliyeondoka Amesukwa Nusu

Mama yangu ni msusi. Chumba chetu cha mbele ndicho saluni yake. Asubuhi mvuke wa maji ya moto hupanda hadi darini. Jua hupenya pazia jembamba, na mashine ya kukaushia nywele hunguruma kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Hata kioo huonekana kama kinaota.

Kisha Mama aliamua kuihubiri Injili nje ya kanisa. Uamuzi ulikuwa mtakatifu. Utekelezaji, kwa heshima zote, ulikuwa wa kutisha.

Mteja akishaketi tu, Mama alianza na uumbaji wa dunia. Akifika kwa Nuhu, sauti ilipanda na vidole vilikaza. Gharika ilipoanza, nyusi za mteja zilikuwa zimeshapanda juu kuliko maji.

"Msusi, unaniumiza!"

"Vumilia, dada. Dhambi inauma zaidi."

Baba alichungulia kutoka jikoni. "Mama watoto, mwache mtu apumue."

"Nisiposema mimi, atasema nani?"

Siku moja alikuja jirani yetu, fundi wa nguo, rafiki mkubwa wa Mama. Mumewe alikuwa amefariki si zamani. Mama alitamani sana kumpa tumaini. Akamsuka upande mmoja huku akimweleza kwamba wanaoomba hawalii.

Jirani akasimama. Akatoka akijifunga kitambaa njiani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima kama zimeshtuka.

Tangu hapo hakuitikia salamu ya Mama. Mama akawa anasimama dirishani akiutazama mlango wa jirani.

"Nimempoteza rafiki yangu," alimwambia Baba. "Na nimemfanya amkimbie Mungu."

Shangazi, dada yake Baba, ni muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani. Ni muumini kama Mama. Alipokuja kusukwa, Mama akamsimulia yote.

"Wifi, ulimuuliza kama anataka kusikia?"

"Hapana."

"Ulimuuliza analalaje, anakulaje?"

"Nilikuwa nimeshafika kwa Nuhu."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Mtu ambaye kichwa chake kiko mikononi mwako hawezi kuondoka. Huyo hasikilizi, ametekwa. Mimi nafunga kidonda, nasikiliza. Akiniuliza nguvu napata wapi, namwambia ni kwa Yesu, na namweleza alivyonisaidia mimi. Nikitaka kumuombea, naomba ruhusa kwanza. Akikataa, kesho nabisha hodi vilevile."

"Na asiponiuliza kamwe?"

"Utaendelea kumpenda. Kwani upendo ni chambo?"

Kesho yake Mama alibisha hodi kwa jirani.

"Umekuja kumalizia mahubiri?" jirani aliuliza.

"Nimekuja kumalizia kichwa. Na kuomba radhi. Nilisema wanaoomba hawalii. Mimi mwenyewe naomba, na ninalia. Nisamehe, dada yangu."

Jirani alimtazama. "Haya, ingia. Kwa kitambaa hiki, watu wanadhani nimepasuka fuvu."

Mama alisuka polepole. Cherehani ilikuwa imetulia. Vipande vya kitambaa cha buluu vilitapakaa sakafuni, kana kwamba mtu alikuwa amekata mbingu akabakiza pindo. Jirani akaanza kusema mwenyewe. Alisema kitanda kimekuwa kipana mno. Alisema usingizi umemkimbia. Mama hakumkatiza.

"Wewe ulipomzika mama yako, ulilalaje?" jirani aliuliza.

"Sikulala. Nilimwambia Yesu kwamba sina hata la kumwambia. Nikaona hajaondoka. Ndiye aliyenishika mpaka leo."

Jirani aliokota kipande cha buluu akakikunja.

"Naweza kukuombea?" Mama aliuliza.

"Fupi. Nakujua."

Mama akaomba sala fupi kuliko zote zilizowahi kusikika katika ukoo wetu: "Bwana Yesu, mpe rafiki yangu usingizi. Amina."

Akarudi kwenye msuko wa mwisho. Kichwa cha jirani kilikuwa kizito, kimemwegemea tumboni. Alikuwa amelala.

Mama aliacha kusuka. Akabaki amesimama, amekishika kichwa kile kwa mikono miwili, kama anayebeba bakuli lililojaa maji. Mguu wake ukafa ganzi. Mtu mmoja akaja na suruali ya kupunguzwa, akafungua mdomo aseme hodi. Mama akamwonyesha kwa macho tu: rudi baadaye.