Kwa Nini Redio ya Ngollo Ilikatika

Kila jioni, saa kumi na moja, Ngollo alisogeza kinu chake mlangoni. Ndani ya nyumba, juu ya kigoda, redio ilikuwa inasema. Ngollo alitwanga mahindi huku akisikiliza matangazo ya vifo. Hakutaka kuyakosa hata siku moja. Majirani walimwambia kwamba anajitafutia huzuni.

Mwaka ulikuwa 1975. Ngollo, mume wake, Shilinde, na mtoto wao, Masika, walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, karibu na stesheni ya Kigwa. Mahame yao, makao waliyoyaacha, yalikuwa mbali porini, saa nne kwa miguu. Waliletwa kwa lori, mvua ikinyesha. Kwa mwezi mzima walilala kwenye kibanda cha majani huku wakijenga nyumba. Mwezi huo wote redio ilikaa sandukuni.

Redio yao ilitumia betri nne kubwa. Wengi wetu tunaziita mawe. Mawe yalipochoka, Shilinde aliyaanika juani, juu ya paa. Jioni aliyarudisha ndani ya redio. Akipata jiwe jipya moja, alilichanganya na matatu ya zamani. Msimcheke Shilinde. Mimi ninayeandika haya nimeanika mawe miaka mingi. Nanyi mnaosoma, huenda yenu yako paani sasa hivi.

Kule mahame redio haikuwa na shida. Hapa kijijini ilianza kukatika. Inasema vizuri, mara kimya. Shilinde aliipiga kofi. Papo hapo aliuvuta waya wake wa juu, akayageuza mawe, akaihamisha kutoka kona hii kwenda kona ile. Redio ikirudi, hakujua ni kipi kilichoiponya. Kesho yake inakatika tena.

"Ardhi ya hapa haitutaki," Shilinde alisema siku moja. "Hata redio imeona."

Jioni moja Ngollo alikuwa mlangoni, anatwanga. Mtangazaji akasema, "Tangazo la kifo kutoka Kaliua." Kisha redio ikanyamaza.

Ngollo aliuacha mchi ukaanguka. Kaliua ndiko kwao. Baba yake, mama yake, na Lugembe, kaka yake wa pekee, wote waliishi Kaliua. Shilinde aliipiga redio kofi, tena na tena. Iliporudi, mtangazaji alikuwa anasoma habari za watu wa Songea.

"Amesema kifo cha nani?" Ngollo aliuliza.

"Sikusikia, Mama Masika."

Walizunguka kijiji kizima wakiuliza. Kulikuwa na redio nyingine mbili tu. Moja haikuwa na mawe. Wenye ile nyingine walikuwa shamba la kijiji, wanapalilia.

"Kaliua ina watu wengi," Shilinde alimwambia mke wake. "Si lazima awe wa kwetu. Tungoje."

Wakangoja. Siku ya tatu msafiri alishuka kwenye treni na kuwaletea habari. Aliyekufa ni baba yake Ngollo. Alikuwa ameshazikwa. Ngollo hakutia udongo katika kaburi la baba yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Baada ya miezi mitano, barua ilikuja. Ilitoka kwa Lugembe. Ngollo aliisoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari. Alikuwa anasoma katika darasa la kisomo cha watu wazima, na hiyo ilikuwa barua yake ya kwanza kusoma bila msaada. Laiti ingekuwa na maneno mengine.

Lugembe aliandika hivi: "Dada, mama yuko hospitali, hali si nzuri. Barua ninazokutumia hukaa posta ya Tabora mpaka mtu wa kijiji aende mjini. Hata simu ya maandishi hukaa hapo hapo. Likitokea la kutokea, nitalipeleka redioni. Sikiliza kila siku."

Ngollo alikunja barua. Aliitazama redio juu ya kigoda. Aliiogopa.

Asubuhi yake alikwenda nyumba za wafanyakazi wa reli kumwona Elieza. Elieza alikuwa mtu mzima, kichwa kimeanza mvi. Kazi yake ilikuwa kutunza betri za simu za stesheni, zile simu ambazo ni za treni tu. Jioni alifundisha kisomo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Masika. Za nyumbani?"

"Si nzuri sana. Nimekuja na barua."

Alimsomea yote. Elieza alivua miwani yake.

"Redio yenyewe inafanyaje?" akauliza.

"Inakatika."

"Inakatika lini?"

"Siku zote, mwalimu."

"Ingekuwa siku zote usingesikia neno. Nieleze vizuri. Sauti inafifia kidogo kidogo, au inakatika ghafla?"

Ngollo akafikiri. "Inakatika ghafla. Kufifia nako kupo, lakini ni siku nyingine, mawe yakichoka."

"Basi redio yako ina magonjwa mawili. Tusiyachanganye. Daftari lako la kisomo lina kurasa tupu?"

"Zipo."

"Kila redio ikikatika, andika siku na saa. Andika pia kilichokuwa kinafanyika pale nyumbani, hata kama ni kidogo. Msiipige. Msibadili chochote. Nitakuja Jumamosi."

Shilinde aliposikia hayo, alicheka kwa uchungu. "Tangu lini daftari likatengeneza redio?" Lakini alitii. Redio ilipokatika alikalia mikono yake ili asiipige, na baada ya muda ikarudi yenyewe.

Ngollo aliandika kwa herufi kubwa:

"Jumatatu. Saa kumi na moja na robo. Natwanga mahindi.

Jumanne. Asubuhi haikukatika. Jioni imekatika. Natwanga.

Jumatano. Masika amefunga mlango kwa nguvu. Imekatika.

Alhamisi. Sikutwanga. Haikukatika.

Ijumaa. Natwanga karanga. Imekatika mara tatu."

Ijumaa hiyo, alipomaliza kuandika, alisoma tangu juu mpaka chini. Akasoma tena. Kisha akakaa chini pale pale mlangoni, kando ya kinu.

Elieza alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Ngollo alimpa daftari kwa mikono miwili.

"Mwalimu, ni mimi niliyeikata," alisema. "Siku ile ya baba nilikuwa natwanga. Nilikileta kinu mlangoni ili nisikie vizuri. Kumbe ndicho kilichoniziba masikio." Akaanza kulia.

Elieza alisoma daftari lote kabla ya kujibu.

"Kutwanga nyumbani kwako si kosa, Mama Masika. Redio iliyo nzima haikatiki kwa sababu ya kinu. Ndani yake kuna kitu kimelegea. Mchi ukipiga, sakafu inatikisika, na kile kitu kinaachana na mwenzake. Mlango ukibamizwa, ni vivyo hivyo. Umeshatuonyesha njia. Sasa tukitafute." Akamgeukia Shilinde. "Baba Masika, ilianza lini kukatika?"

"Tulipohamia hapa."

"Kabla haijaanza, ni nini kilichobadilika?"

"Kila kitu kilibadilika, mzee."

"Nauliza habari za redio."

Shilinde akakuna kichwa. "Iliwekwa sandukuni. Mwezi mzima."

"Mawe mliyatoa?"

Shilinde alitazama chini. "Yalikuwa ndani."

Elieza aliizima redio. Akafungua kifuniko cha nyuma na kuyatoa mawe manne. Mawili yalikuwa yamevimba. Pale yalipokaa palikuwa na unga mweupe. Moja ya springi zinazoyabana mawe ilikuwa imeliwa na kutu, na penginepo ilikuwa na rangi ya kijani.

"Njooni mwone," alisema. "Jiwe likichakaa huvuja maji makali. Maji hayo hula chuma. Umeme wa redio unapita hapa, jiwe linapogusana na springi. Kukiwa na kutu, havigusani sawasawa. Mtikisiko kidogo tu, umeme unakatika. Ardhi ya kijiji haina neno, Baba Masika. Ugonjwa ulisafiri nanyi ndani ya sanduku."

Alimpa Shilinde kipande cha msasa laini. Shilinde aliikwangua springi mpaka ikang'aa. Ngollo aliupangusa unga kwa kitambaa kikavu. Elieza aliivuta springi kidogo, taratibu, ili ibane. Kisha akawataka wote wanawe mikono kwa sabuni, kwa maana unga ule ni sumu.

"Sasa niende Tabora nikanunue mawe mapya," Shilinde alisema.

"Ngoja kwanza. Ukisafisha na kubadili mawe kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichoiponya. Tuijaribu leo tu kwa mawe haya haya. Kitu kimoja kwa wakati mmoja."

Waliyarudisha mawe ya zamani. Redio ikasema.

"Mama Masika," Elieza alisema, "twanga."

Ngollo hakusogea. Elieza hakumhimiza, alingoja tu. Mwishowe Ngollo aliuinua mchi, akaushusha mara moja, polepole. Redio iliendelea kusema. Akatwanga tena, kwa nguvu sasa, machozi yakimtoka, mpaka sakafu ikatikisika na kigoda kikasogea. Redio haikukatika.

Baada ya nusu saa sauti ilianza kufifia.

"Huo ndio ugonjwa wa pili," alisema Elieza. "Huu sasa ni wa mawe. Nunua manne, yawe mapya yote, yaingie pamoja siku moja. Jipya likikaa na la zamani, la zamani linalichosha jipya, kisha linavuja."

"Na kuyaanika?" Shilinde aliuliza.

"Jua linalipa jiwe nguvu kidogo tu, haidumu. Halafu jiwe linavuja upesi zaidi. Yakichoka yatoeni. Msiyatupe motoni, yanaweza kupasuka. Watoto wasiyachezee. Na mkisafiri, mawe yatoke kwenye redio."

Shilinde alipanda paani siku hiyo hiyo, akayashusha yote yaliyokuwa yameanikwa. Jumatatu alikwenda Tabora. Mawe yalikuwa adimu. Alizunguka maduka mengi, na mwisho akayapata manne dukani kwa mzee Nanji, yote kutoka boksi moja. Jioni ile sauti ya redio ilifika mpaka nyumba ya tatu. Darasani, Ngollo aliwasomea wenzake daftari lake. Kabla ya wiki kwisha, mawe yalikuwa yameshuka katika mapaa mengi ya kijiji.

Ngollo hakukiondoa kinu mlangoni. Aliendelea kutwanga na kusikiliza. Siku ya kumi na mbili tangu mawe mapya yaingie, mtangazaji akasema:

"Tangazo la kifo kutoka Kaliua."

Mchi ulisimama hewani.

"Bwana Lugembe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bibi Kalunde, kilichotokea leo asubuhi. Mazishi yatafanyika kesho kutwa, saa kumi jioni. Habari ziwafikie binti yake, Ngollo, na mkwe wake, Shilinde, walioko Kigwa."

Ngollo alisikia mpaka neno la mwisho. Aliulaza mchi chini, akalia. Lakini safari hii alijua anamlilia nani, na alijua aende wapi.

Asubuhi yake yeye na Shilinde walipanda treni. Walifika Kaliua siku moja kabla ya mazishi. Ngollo alimwosha mama yake pamoja na wanawake wa ukoo. Kaburi lilichimbwa kando ya kaburi la baba yake, ambalo majani yalikuwa yameshaanza kuota juu yake.

Zamu yake ilipofika, Ngollo alichota udongo, akautia katika kaburi la mama yake. Kisha aliinama, akachota udongo mara ya pili.

"Dada," Lugembe alimwambia kwa sauti ndogo, "umeshatia."

"Huu ni wa baba," alisema Ngollo. Akapiga hatua mbili, akauweka juu ya kaburi la pili.